Barua ya Kyalo

Nilitoka baharini Jumapili ile saa moja asubuhi nikiwa na mchanga masikioni, chumvi machoni, na hasira ambayo haikufaa kabisa kukaa ndani ya mtu aliyebatizwa dakika mbili zilizopita.

Mvua zilikuwa zimenyesha bara, mto Sabaki umeshusha tope lake lote, na maji ya Malindi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji Ngowa alinishika mgongo kwa mkono mmoja, pua kwa mkono wa pili, akanilaza chali nikazama mzima. Nilipoibuka, kanisa letu la Baptisti lote lilikuwa likiimba ufuoni, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa Kyalo. Alisimama mbele ya kwaya, suruali kaikunja hadi magotini, taulo langu begani. Akanitazama. Jamani, kuna wanaume wanaojua kutazama! Moyo ulinilegea, nikasahau hata kutema maji.

Kisha nikamtafuta Baba katika watu wale, ingawa nilijua hayupo. Hasira ikarudi pale pale.

Hebu nieleze, maana jambo hili nimelieleza mpaka ulimi umechoka. Mimi ni Idah, fundi wa mapazia, mzaliwa wa Gede. Kyalo ni fundi wa pampu za maji, Mkamba wa Kitui. Tulikutana katika nyumba moja ya wageni huko Watamu, mimi nikiwa juu ya ngazi natundika mapazia, yeye kaja kutengeneza pampu ya kisima. Aliona ngazi yangu inatikisika, akaja akaishika bila kuulizwa. Aliishika saa nzima, pampu ikimngoja. Nilishuka nikiwa tayari nimeshakwisha.

Shida ilianza tulipotaka kuoana. Baba yangu, Mzee Gerishom, ni msomaji wa kanisa la Kianglikana kwa miaka thelathini sasa. Mimi nilibatizwa nikiwa na miezi minne, na cheti changu Baba anacho mpaka leo, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya Biblia, ndani ya kabati la ufunguo. Lakini kwa Wabaptisti mtoto mchanga habatizwi, kwa kuwa hajaamini kitu. Kwao, mimi nilinyunyiziwa maji tu. Na Mchungaji Ngowa hafungishi ndoa mpaka bibi na bwana wote wawe washirika wa kanisa. Ushirika nao hauokotwi njiani. Ni wiki kumi na mbili za darasa, kuzamishwa, ushuhuda, halafu kura ya kanisa zima.

Sisemi nilifanya kwa ajili ya Kyalo tu. Wiki ya saba ya darasa nilijikuta nalia peke yangu karakanani, mashine ya kushona imenyamaza, nikisali kama sijawahi kusali. Hilo lilikuwa langu na Mungu. Lakini kwenda kumwambia Baba, hilo lilikuwa la Kyalo, na Kyalo aliniachia mimi.

"Kwa hiyo yale maji ya kwanza yalikuwa ya kuoshea vyombo?" Baba aliniuliza siku ile, miwani kaishusha puani.

"Sivyo, Baba. Ni utaratibu wao."

"Anayekuoa ni Kyalo au ni utaratibu?"

"Ni Kyalo, Baba."

"Basi mbona hajaja? Mwambie aje tukae, anieleze uso kwa uso ni kwa nini ubatizo wa binti yangu haumtoshi. Nitamsikiliza, Idah. Sikusema nitakubali, nimesema nitamsikiliza. Asipokuja, huko harusini msinitazamie."

Baba hana maneno mengi, na akishasema amesema. Nilirudi Malindi nikamwambia Kyalo. Akasema, "Nitaenda." Jumamosi ya kwanza kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Ya pili pampu ikaharibika huko kijijini Adu. Ya tatu akashikwa na malaria asubuhi, jioni malaria imepona, anakula samaki wa kupaka kwangu. Nikimbana ananishika vidole na kuniambia polepole, "Idah wangu, nitaenda, niamini," na mimi mjinga naamini. Sasa harusi yetu ya Desemba ilikuwa imebaki miezi miwili, na nilikuwa nimezamishwa bila baba yangu kuwapo.

Nilipita karakanani kubadilisha nguo kabla ya ibada. Mwenye nyumba wangu, Bi Zeina, alikuwa kibarazani anapepeta mchele.

"Shikamoo, Bi Zeina."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerowa hivyo? Umeangukia wapi?"

"Sikuanguka. Nimebatizwa."

"Si ulinambia ulibatizwa utotoni?"

"Nimebatizwa tena."

"Haya. Na bwana harusi naye katoswa leo?"

"Yeye alishabatizwa kwao Kitui, zamani."

"Nani alomwona?"

"Bi Zeina! Ndivyo alivyosema."

"Mimi sina neno," alisema, akaurusha mchele juu na kuudaka. "Nauliza tu, kwa kuwa wewe ndiwe uliyerowa."

Nilicheka kidogo, nikaenda zangu kubadilisha nguo.

*

Mkutano wa washirika ulianza saa saba mchana, baada ya ibada. Umeme ulikuwa umepotea, feni zimesimama, na watu wana njaa. Jina langu lilikuwa la kwanza. Nilisimama mbele nikatoa ushuhuda wangu. Nilipomaliza Mchungaji Ngowa akauliza kama kuna mwenye swali. Shemasi Thuku akanyanyuka. Shemasi Thuku huwa na swali daima.

"Dada Idah, nimesikia unashona mapazia ya hoteli. Hoteli hizo nyingine zinauza pombe. Ukishakuwa mshirika utaendelea?"

"Shemasi," nilisema, "mapazia hayanywi."

Kanisa likaangua kicheko. Kyalo, kule kwenye viti vya kwaya, akainamisha kichwa mabega yakimtikisika. Mchungaji akagonga meza, akaita kura, na mikono ikainuka yote, hata wa Shemasi Thuku. Kisha wakapanga mstari kunipa mkono wa ushirika, mmoja mmoja, watu zaidi ya sitini. Kyalo alikuwa wa mwisho. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye madoa ya grisi yasiyotoka, akaninong'oneza, "Karibu nyumbani, dada mshirika," na kidole chake gumba kikapita juu ya kiganja changu taratibu, pale mbele ya mashemasi. Nilisahau malaria, nikasahau Adu, nikasahau kila kitu.

Karani wa kanisa, Mama Nyokabi, akaandika jina langu kitabuni. Yeye ni karani mpya. Aliyemtangulia alifariki mwaka jana, na Mama Nyokabi akanunua kitabu kipya, akanakili majina yote kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mstaafu.

"Idah, namba yako ni mia mbili na kumi na nne," alisema. "Sasa, kwa kuwa wachumba wote wapo, hebu nijaze fomu ya ndoa kabisa, tusirudi rudi. Ndugu Kyalo, namba yako?"

"Angalia tu, Mama," Kyalo alisema. "Iko humo."

Akaangalia. Akafungua kurasa za mbele, akarudi za nyuma. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa.

"Hebu nitajie mwaka ulioingia."

"Miaka minane iliyopita. Tisa kasoro."

"Uliingia kwa ubatizo au kwa barua?"

"Kwa barua."

"Barua hiyo ilifika mwezi gani?"

Nilimtazama Kyalo. Alikuwa anatazama viatu vyake. Namjua Kyalo. Ananitazama anapokula, anapoimba, anapodanganya kuhusu malaria. Sikuwahi kumwona anatazama viatu.

"Ndugu Kyalo," Mama Nyokabi alisema kwa upole, "humu kitabuni jina lako halimo. Na kile kitabu cha zamani ninacho hapa kwenye mkoba, nacho jina lako halimo."

Ndipo ikatoka. Kanisa la Baptisti halimpokei mtu wa kanisa jingine la Baptisti hivi hivi. Kanisa lake la kwao lazima limwandikie barua ya uhamisho, kwamba fulani ni wetu, alibatizwa kwetu, hana neno, mpokeeni. Kyalo alipofika Malindi aliulizwa barua, akasema inakuja. Jumapili ile ile akaimba. Wiki ya pili akapewa ufunguo wa kabati la kwaya. Mtu mwenye sauti kama ile, nani angemfuata tena kumwomba karatasi? Mwaka ukapita, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaipokea.

"Asi!" Kyalo alishangaa kwa Kikamba, akitaka kucheka. "Ni karatasi tu, ndugu zangu. Mnanijua."

"Ndugu," alisema Shemasi Thuku, ambaye alikuwa ameshasimama, "umepiga kura katika mikutano yetu yote. Hata ile ya kumwita Mchungaji Ngowa hapa. Na ile, kama mnakumbuka, ilipita kwa mkono mmoja."

Kanisa zima likamgeukia Mchungaji. Mchungaji akashika tai yake kana kwamba ameona inataka kuondoka.

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu wiki kumi na mbili kichwani. Jumanne kumi na mbili nimefunga karakana mapema kwenda darasani, yeye akiniambia, "Vumilia, mpenzi, kanisa lina utaratibu." Nilikuwa nimemwona baba yangu anafunga lile kabati kwa ufunguo bila kunitazama. Leo nimekunywa tope la Sabaki. Na huyu mwanamume hayumo kitabuni!

Mchungaji Ngowa akatuliza watu. "Ndugu Kyalo tunamjua na tunampenda. Napendekeza tumpokee chini ya uangalizi wa kanisa mpaka barua yake ifike, na harusi iendelee. Wanaokubali wainue mikono."

Mikono ikainuka kama ilivyoinuka kwangu. Wangu ulikuwa magotini. Mama Nyokabi, aliyekuwa akihesabu, akasimama aliponifikia.

"Idah? Wewe ni mshirika sasa. Una kura."

"Najua, Mama."

"Unapinga?"

Nikasimama. Kyalo akainua uso hatimaye, na macho yale yale ya asubuhi yakanitazama, ila safari hii yalikuwa yananiomba. Nusura niinue mkono. Namwambia ukweli kila anayesoma: nusura.

"Napinga," nilisema. "Mlisema cheti changu mimi si kitu, nikakubali, nikaanza upya. Yeye hana hata karatasi, na tunasema tunamjua. Mimi pia mlikuwa mnanijua, mbona sikupokewa kwa kujuliwa? Alete barua. Akiileta mkononi mwake, mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono."

Kisha Shemasi Thuku, yeye na swali lake la mapazia, akaushusha mkono wake polepole. Mama Nyokabi akaushusha wake. Mchungaji akasema tutaliacha jambo hili hadi mkutano ujao, tukafunga kwa sala ambayo sikuisikia hata neno.

*

Alinikuta nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji.

"Umeniaibisha, Idah. Mbele ya watu wote."

"Mimi?" nilisema. "Mimi ndiye niliyekuaibisha? Kyalo, usinichekeshe, sina nguvu za kucheka!"

"Ungeniita pembeni."

"Nimekuita pembeni mara tatu uende kwa Baba! Ulikwenda? Kumbe ulikuwa unaogopa akuulize cheti. Mzee wa watu angetoa changu kwenye plastiki, akakuambia haya, toa chako. Ungetoa nini? Noti za kwaya?"

Alikaa juu ya jiwe, viwiko magotini.

"Barua moja," nilisema. "Si unapiga simu tu kwa karani wa kanisa lenu, anaandika, anatuma? Miaka tisa umeshindwa nini?"

"Karani wa kanisa letu ni baba yangu."

Alikuwa ameniambia baba yake yuko hai, basi. Nilipouliza zaidi alikuwa anabadilisha mazungumzo, nami nikadhani ni mambo ya wanaume.

"Alitaka nibaki, nishike shamba na nishike kanisa," alisema. "Nilipomwambia nakwenda Pwani alisema nikivuka lile lango nisirudi. Nikavuka. Hatujasemezana tangu siku hiyo. Kila anayehama kanisa lile, barua yake anaiandika yeye kwa mkono wake. Ningemwambia nini, Idah? Baba, niandikie kwamba sina neno?"

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumsukuma aanguke kwenye ile beseni ya maji machafu chini ya bomba. Nilimpenda kupita kiasi wakati ule na nilikuwa nimechoka naye kupita kiasi, na sijui ni Idah yupi kati ya hao wawili aliyesema.

"Kwa hiyo wewe ulimkimbia baba yako," nilisema, "halafu ukanituma mimi nikapigane na wangu."

Akaficha uso kwa mikono yake.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo nilivyofanya. Nisamehe."

"Sikusamehe kwanza. Toa simu."

"Idah..."

"Toa simu, Kyalo! Piga mbele yangu. Usipopiga leo, Desemba nitavaa gauni langu niende kufanya kazi nalo."

Akaitoa. Namba alikuwa nayo. Iliandikwa "Nyumbani" tu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akabonyeza. Ikalia mara tano. Nikasikia sauti ya mzee, kavu, mbali. Kyalo akasema jina lake. Kisha yule mzee akaanza kusema, kwa Kikamba, taratibu, Kyalo akisikiliza. Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. Mwisho akasema neno moja la kuitikia, simu ikakatwa.

"Amesemaje?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe.

"Amesema barua aliiandika wiki ile ile niliyoondoka." Alijikaza, akajaribu tena. "Imepigwa muhuri na kila kitu. Amesema iko ndani ya Biblia yake. Alikuwa anangoja niiombe."

Miaka tisa. Mmoja Kitui na karatasi yake ndani ya Biblia, mmoja Gede na karatasi yake ndani ya Biblia, na huyu wangu katikati, anaimba. Wanaume hawa, Mungu nisaidie, wote watatu ningewafungia kwenye lile kabati la Baba nikameza ufunguo.

"Atumie kwa basi," Kyalo alisema, akijipangusa kwa mkono wa shati. "Itafika Jumatano, nimpelekee Mama Nyokabi..."

"Kyalo."

"Naam."

"Nilisema mkononi mwako."

Akanitazama. Nikamwona anaelewa, hatua kwa hatua. Alinyanyuka, akanyoosha shati, akapumua.

"Nitaondoka kesho asubuhi," alisema. "Utakuja nami?"

"Nitakuja. Lakini tutashuka njiani kwanza."

"Tushuke wapi?"

Nilimpangusa uso kwa ncha ya kanga niliyokwenda nayo ufuoni asubuhi, ambayo bado ilikuwa na mchanga, naye akaushika mkono wangu akauweka shavuni pake. Tulisimama hivyo mpaka Bwana Kyalo, aliyekwenda na kurudi njia hiyo miaka minane akitengeneza pampu za watu, akakumbuka mwenyewe kwamba gari la kwenda Kitui, ukilipandia Malindi, linapita Gede, mbele kabisa ya nyumba ya baba yangu.